Kifundo bandia kikishindwa: mwongozo wa upasuaji wa kuunganisha mifupa ya kifundo cha mguu

Mama mmoja wa Tanga alikuja kwenye chumba chetu cha mazoezi ya viungo na bahasha ya kaki iliyojaa picha za eksirei za miaka minane. Kifundo chake cha mguu wa kulia kiliharibika baada ya kuvunjika kwenye ajali ya bodaboda, wanawe wakachanga, akapelekwa India akawekewa kifundo bandia. Miaka mitano ya mwanzo alitembea vizuri. Mwaka wa sita maumivu yakarudi kidogo kidogo, na kufikia wa nane hafiki sokoni bila gongo. Daktari wa mifupa akamweleza kwamba kile kiungo kimelegea, kitolewe, kisha mifupa iunganishwe yenyewe kwa yenyewe. Alipoketi mbele yangu hakuuliza habari za kisu wala za vyuma. Aliuliza, "Mwanangu, nitaweza kuchuchumaa tena?"

Nilimwambia kweli: hapana, Mama. Kifundo kilichounganishwa hakikunjiki. Kutembea bila yale maumivu, hilo linawezekana, na watu wengi hulipata. Akanyamaza, kisha akasema afadhali ameambiwa mapema.

Nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya mtu kama yeye na wale watakaomuuguza. Haumwondoi daktari wako, maana yeye ndiye anayeziona picha zako. Ila kuna mambo mengi ambayo mgonjwa huyajua akiwa ameshachelewa, na kubwa kuliko yote ni hili: mpasuaji anafanya kazi ya saa tatu au nne, halafu mfupa unafanya yake kwa miezi mitatu hadi sita. Hiyo miezi iko mikononi mwako.

Kilichomo ndani ya mguu

Kifundo kimejengwa na mifupa mitatu: muundi, ule mfupa mwembamba unaoteremka sambamba nao kwa upande wa nje, na talasi, mfupa mdogo uliokaa juu ya mfupa wa kisigino. Kifundo bandia kina bamba la chuma lililopachikwa mwisho wa muundi, kofia ya chuma iliyovikwa talasi, na kipande cha plastiki ngumu katikati ili vyuma visisagane. Vya kwanza viliwekwa Ufaransa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Vile vya zamani vilishindwa haraka mno, na ndiyo sababu madaktari wengi walibaki na njia ya kuunganisha mifupa. Vya leo ni bora zaidi. Tafiti nyingi zinaonyesha kwamba baada ya miaka 10, kati ya 80 na 90 katika kila 100 bado viko mahali pake. Ukiwa miongoni mwa wale ambao vyao vimeshindwa, usijilaumu. Hukukosea kitu.

Kuunganisha, ambako madaktari hukuita athrodesisi, maana yake ni kukiondoa kiungo bandia, kukwangua mifupa hadi ile sehemu hai inayotoa damu, kujaza pengo kwa mfupa, kisha kukaza kila kitu kwa vyuma ili mifupa ishikane iwe mfupa mmoja. Mwili unaiunga kama unavyounga mfupa uliovunjika. Tofauti ni kwamba hapa tunataka ishikane mahali ambapo zamani palikuwa panacheza.

Hatua ya 1: Jua kwa nini kimeshindwa

Usikubali tarehe ya upasuaji kabla ya kupata jibu la swali hili. "Kimelegea" peke yake halitoshi. Kimelegea kwa sababu gani?

Mara nyingi plastiki imelika. Vumbi lake likiingia kwenye mfupa, mwili hulishambulia, na katika vita hivyo mfupa wenyewe huliwa ukabaki na mashimo. Wakati mwingine talasi imezama chini ya uzito, maana ni mfupa mdogo usiopata damu nyingi. Pengine kiungo kilikaa upande tangu mwanzo. Yapo pia matatizo ya aina fulani ya kiungo chenyewe. Machi 2021, kwa mfano, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kwamba plastiki ya kifundo bandia aina ya STAR ilikuwa ikivunjika kuliko ilivyotarajiwa. Kwa hiyo tafuta ile kadi au karatasi uliyopewa ulipowekewa, yenye jina la kiungo, saizi na namba. Kama imepotea, andika kwa hospitali iliyokufanyia uombe nakala ya ripoti ya upasuaji. Mpasuaji anayekwenda kutoa chuma huhitaji kujua ni chuma gani na kilishikizwa vipi.

Sababu inayobaki ni maambukizi, na hii ndiyo ninayokuomba usiiache ipite. Bakteria wanaweza kukaa juu ya chuma miaka kadhaa bila homa wala usaha, wakawa wanatoa maumivu tu na uvimbe usioisha. Ukiunganisha mifupa juu ya maambukizi ambayo hayajaonekana, umejenga juu ya mchanga. Kwa hiyo uliza: vipimo vya damu vya CRP na ESR, vile vinavyoashiria maambukizi mwilini, vimefanywa? Maji ya kwenye kiungo yametolewa kwa sindano yakapelekwa maabara kuoteshwa? Na siku ya upasuaji wenyewe, vipande kadhaa vya nyama na mfupa vitapimwa? Wengi huchukua vitano au zaidi, kutoka sehemu tofauti.

Hapa kuna kosa ninaloliona kila mwezi. Mguu unauma, umevimba, mtu anapita duka la dawa ananunua antibiotiki za siku tano. Wiki inayofuata anatolewa maji ya kiungo, majibu yanarudi safi, kumbe bakteria wamepunguzwa nguvu tu, hawajafa. Wapasuaji wengi hutaka mgonjwa awe amekaa wiki mbili hivi bila antibiotiki yoyote kabla ya kipimo hicho. Kama una homa kali, kidonda kinatoa usaha au mwili umeishiwa nguvu, hapo usingoje wiki mbili. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Lakini usijitibu kutoka dukani.

Picha nazo zina utaratibu wake. Eksirei ipigwe umesimama, mguu ukiwa umebeba uzito, kwa sababu picha ya mtu aliyelala haionyeshi mguu ulivyopinda. Siti skani ndiyo inayoonyesha mashimo kwenye mfupa na kiasi cha talasi kilichobaki. Nenda na picha zako zote za zamani. Zile picha za miaka minane kwenye bahasha ya Mama ndizo zilizoonyesha, mwaka hadi mwaka, kofia ya chuma ikizama.

Hatua ya 2: Uliza njia zote, kisha uliza ni mifupa ipi itaunganishwa

Njia kubwa ni mbili. Ya kwanza ni kutoa kiungo kilichoharibika na kuweka kingine kipya. Inahitaji mfupa wa kutosha, ngozi nzuri, na uhakika kwamba hakuna maambukizi. Ya pili ndiyo hii ya kuunganisha. Kukata mguu chini ya goti ni njia ya mwisho kabisa, na daktari mkweli atakutajia mapema kwamba ipo, hasa pale penye maambukizi sugu. Usiogope kuisikia ikitajwa.

Ukiamua kuunganisha, kuna swali ambalo wagonjwa wengi hawajui hata kama lipo. Talasi ikiwa imebaki ya kutosha, muundi huunganishwa na talasi peke yake, na kiungo kilicho chini yake, kile kinachousaidia unyayo kulala vizuri kwenye njia yenye mawe, kinabaki kikicheza. Talasi ikiwa imeliwa sana, itabidi muundi, talasi na kisigino viunganishwe vyote. Hapo mara nyingi msumari mrefu wa chuma huingizwa kupitia chini ya kisigino ukapanda hadi ndani ya muundi. Huu wa pili ni upasuaji mkubwa zaidi na mguu wake ni mgumu zaidi. Mwambie daktari akuchoree kwenye karatasi.

Muulize pia pengo litajazwa na nini. Kiungo bandia kikitoka huacha nafasi ya sentimita kadhaa. Ikiachwa ifungane tu, mguu unakuwa mfupi. Wengine hutumia mfupa wa mgonjwa mwenyewe uliokatwa kwenye ukingo wa nyonga, wengine mfupa wa marehemu aliyejitolea uliohifadhiwa kwenye benki ya mifupa, na nchi zenye uwezo hutumia hata kizimba cha chuma cha titani kilichochapishwa kwa mashine kufuata vipimo vya mgonjwa. Pasipo na benki ya mifupa daktari hutegemea nyonga yako, kwa hiyo jua mapema kwamba utaamka na vidonda viwili, na kile cha nyonga kinaweza kukusumbua kuliko cha mguu kwa siku kadhaa.

Maambukizi yakithibitika, kazi hufanywa kwa awamu mbili. Kwanza vyuma vyote vinatolewa, panasafishwa, na pengo linajazwa saruji ya mifupa iliyochanganywa na antibiotiki. Unatumia dawa kwa takriban wiki sita. Damu ikionyesha kutulia, ndipo unarudi kuunganishwa. Baadhi ya wapasuaji hapa hawaweki chuma ndani kabisa, wanafunga fremu ya pete nje ya mguu yenye waya zinazopita kwenye mfupa, ufundi ulioanzishwa na Gavriil Ilizarov kule Kurgan, Siberia, miaka ya 1950. Fremu inatisha kuitazama, na kusafisha matundu ya waya ni kazi ya kila siku, lakini imeokoa miguu mingi iliyokuwa inaelekea kukatwa.

Na uliza kuhusu uwezekano wa kushindwa. Tafiti zilizokusanya wagonjwa wa namna hii zinaonyesha kwamba karibu wanne kati ya watano mifupa yao iliunga kwa upasuaji wa kwanza. Mmoja hakuunga. Pale inapohitajika kuunganisha hadi kisigino na kujaza pengo kubwa, hatari inapanda. Daktari akikwambia "hakuna shida, mia kwa mia," tafuta maoni ya daktari mwingine.

Hatua ya 3: Andaa mwili

Sigara kwanza. Nikotini hubana mishipa midogo ya damu, na mfupa usiopata damu hauungi. Mvutaji hubeba hatari mara kadhaa zaidi ya asiyevuta. Wapasuaji wengi hutaka uwe umeacha angalau wiki sita kabla na uendelee kuacha hadi mfupa uunge. Ugoro na shisha ni nikotini vilevile. Niliwahi kumsikia mzee akisema ameacha sigara, kumbe ugoro uko mfukoni. Hakuwa anadanganya, hakuna aliyemwambia kwamba hiyo nayo inahesabiwa.

Kisukari kipimwe kwa kile kipimo cha wastani wa miezi mitatu, HbA1c. Kikiwa juu ya asilimia 8, wengi huahirisha upasuaji hadi kishuke, na hiyo ni busara. Mwenye kisukari aliyepoteza hisia miguuni amweleze daktari waziwazi, maana mpango mzima wa vyuma na muda wa kukaa bila kukanyaga hubadilika. Mwenye selimundu amwambie mpasuaji na mtu wa dawa ya usingizi, wote wawili, hata kama limeandikwa kwenye faili. Mkanda unaobanwa kwenye paja kuzuia damu wakati wa upasuaji huhitaji uangalifu wa pekee kwake, na maji na oksijeni lazima viwe sawa. Pima vitamini D na wingi wa damu. Kula mayai, maharage, dagaa, maziwa. Mfupa hujengwa kwa chakula.

Hatua ya 4: Andaa nyumba kabla hujaenda hospitali

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko pengine popote, kwa sababu hapa ndipo mifupa mingi inaharibikia. Mtu anatoka hospitali na mguu mzuri, anaamka saa nane za usiku kwenda haja, anateleza kwenye sakafu yenye maji, anaweka mguu chini kujizuia. Uzito wote wa mwili unashukia kwenye mfupa ambao haujaanza hata kushikana.

Anza na choo. Kama ni cha kuchuchumaa, hutakiweza ukiwa na plasta, na hata baadaye kitakuwa kigumu, kwa sababu kuchuchumaa kunahitaji kifundo kikunje ili kisigino kibaki chini. Fundi seremala anaweza kutengeneza kiti cha mbao chenye tundu katikati kikakaa juu ya shimo. Miguu yake minne iwe imetanuka chini, na mpira upigiliwe kwenye ncha ili kisiteleze. Kimo chake kipimwe ukiwa umekaa: goti lisiwe juu ya nyonga. Mwambie aweke mshikio pande zote mbili, kwa sababu utanyanyuka kwa mikono. Nimeona kiti cha namna hiyo kilichotengenezwa kwa mabaki ya mbao za paa kikitumika miaka mingi.

Bafuni weka stuli ya plastiki isiyoteleza ya kukalia wakati wa kuoga, ndoo upande wa mkono wenye nguvu, na mfuko mzito wa plastiki wa kuvalisha plasta, ukifungwa juu kwa kitambaa au mpira usiobana damu. Ondoa mikeka na mazulia njiani. Hamishia kitanda chini kama nyumba ni ya ghorofa. Weka taa au tochi karibu na mto.

Jifunze magongo kabla ya upasuaji, si baada. Njoo kwa fizio siku chache kabla, mazoezi ya saa moja yanatosha. Kiganja ndicho kibebe uzito, kwapa lisiguse juu ya gongo, la sivyo mishipa ya fahamu ya mkono itabanwa na vidole vifanye ganzi. Mtu mzima sana, au mwenye mikono dhaifu, apewe wokia, au kiti cha magurudumu kwa safari ndefu. Hakuna aibu katika hilo.

Panga pia nani atakaa nawe. Wiki mbili za mwanzo hutaweza kubeba kikombe cha chai kutoka jikoni, mikono yote iko kwenye magongo. Kama umesafiri nje kwa matibabu, kaa huko angalau hadi nyuzi zitolewe, na uulize daktari kuhusu kupanda ndege. Kukaa saa nyingi bila kusogea mara tu baada ya upasuaji wa mguu huongeza hatari ya damu kuganda kwenye mishipa.

Hatua ya 5: Siku ya upasuaji

Utalazwa usingizi au kuchomwa ganzi ya mgongoni, na mara nyingi utachomwa na ganzi nyingine nyuma ya goti inayoendelea kufanya kazi hadi kesho yake. Kabla hujaingia, mkumbushe mpasuaji mambo mawili: mguu upi, na pembe ya unyayo. Unyayo unapaswa kukaa mraba na muundi, kisigino kikielekea nje kidogo, kama digrii 5, na vidole vikielekea nje kulingana na mguu wako mwingine. Unyayo ukiungwa vidole vikiwa vimeshuka chini, goti litasukumwa nyuma kila hatua kwa maisha yako yote. Mpasuaji anayajua haya. Ila mwanamke aliyezoea viatu vya kisigino kirefu aseme mapema, wazungumze.

Hatua ya 6: Wiki mbili za mwanzo

Mguu ukae juu ya usawa wa moyo, siyo juu ya kistuli mbele ya kochi. Lala, weka mito miwili au mitatu chini ya muundi, kisigino kikining'inia ili ngozi yake isibanwe. Ukiushusha, dakika chache tu utasikia unapiga na kujaa. Huo ni ujumbe, urudishe juu. Chezesha vidole kila saa. Kaza na kulegeza paja.

Tumia dawa ya kuzuia damu kuganda kama ulivyoandikiwa, iwe sindano za tumboni au vidonge, usikatishe kwa sababu unajisikia mzima. Kuhusu dawa za maumivu, muulize daktari kabla ya kumeza diklofenaki au ibuprofeni. Wapasuaji wengi huzizuia wakati mfupa unaunga, na hizo ndizo dawa ambazo jirani atakuletea kwa nia njema.

Rudi hospitali bila kungoja kliniki ukiona lolote kati ya haya: vidole vimekuwa baridi, vyeupe au vya bluu, maumivu yanayozidi licha ya dawa au yanayokuja kwa kukunjua vidole tu, harufu mbaya au unyevu unaotokea kwenye plasta, homa, shavu la mguu limevimba na kuuma, kifua kubana au pumzi kukatika ghafla. Hilo la mwisho ni la gari na hospitali iliyo karibu zaidi, usiku huo huo.

Kwa Waislamu wanaouliza, na hapa Pwani wanauliza kila mara: plasta hailowanishwi kwa udhu. Hukumu ya jabira inajulikana, unapangusa juu yake kwa mkono wenye maji, na unaswali umekaa au umelala kulingana na uwezo wako. Shekhe wako atakueleza kwa kina.

Hatua ya 7: Miezi ya kutokanyaga

Nyuzi hutolewa wiki ya pili au ya tatu, plasta inabadilishwa, na hapo ndipo mtihani unapoanza. Maumivu yamepungua. Unajisikia unaweza. Watu nyumbani wanaanza kusema umezidi kudeka. Na mfupa ndani bado ni uji.

Kwa kawaida utakaa wiki sita hadi kumi na mbili bila kukanyaga kabisa. Baada ya kifundo bandia kushindwa muda huwa mrefu kuliko kwa aliyeunganishwa mara ya kwanza, kwa sababu pengo lilikuwa kubwa na mfupa uliopandikizwa lazima uote mishipa mipya ya damu. Mama wa Tanga alikaa wiki kumi na mbili. Wiki ya saba alinipigia simu akaniambia amejaribu hatua mbili na hakusikia chochote. Nilimwambia ukweli: kutosikia maumivu hakusemi kitu kuhusu mfupa. Chuma ndicho kilichobeba zile hatua mbili. Chuma kinachobebeshwa kila siku huchoka kama waya unaokunjwa na kukunjuliwa, na siku moja hukatika. Ni mashindano kati ya mfupa kuunga na chuma kuchoka. Hakujaribu tena.

Wakati huo usilale tu. Nyanyua mguu ulionyooka mara kumi, mara tatu kwa siku. Fanyia kazi mikono kwa chupa za maji. Mguu mzima nao uangaliwe, unabeba kazi ya miwili. Mwenye kisukari akague unyayo wake kila jioni.

Hatua ya 8: Kuanza kukanyaga kwa mizani

Ruhusa itoke kwa daktari baada ya picha. Eksirei wakati mwingine hudanganya kwa sababu vyuma hufunika mfupa. Kama kuna shaka, siti skani ya mwezi wa tatu au wa nne huonyesha ni kiasi gani kimeshikana.

Ukiambiwa "kanyaga kilo kumi," utajuaje kilo kumi? Chukua mizani ya kupimia uzito, ile ya kukanyaga. Iweke sakafuni kando ya kitabu au ubao wa kimo kilekile, ili miguu yote ilingane. Simama na magongo, mguu mzima kwenye ubao, ule wenye buti ya plastiki kwenye mizani. Teremsha uzito taratibu hadi mshale ufike 10. Tulia hapo, funga macho, usikilize mguu unasemaje. Toa, rudia mara kumi. Kisha tembea hatua nne na urudi kwenye mizani kuona kama bado unaijua. Watu wengi mara ya kwanza wanafika 25 huku wakiapa wamegusa tu. Kila wiki unaongeza kilo kama daktari alivyopanga, hadi uzito wote, ndipo gongo moja linaachwa, na linalobaki linashikwa mkono wa upande wa mguu mzima.

Uvimbe wa jioni utaendelea, hata mwaka. Haumaanishi mfupa umeshindwa. Maumivu yanayoongezeka kila wiki badala ya kupungua, hayo yapeleke kliniki.

Hatua ya 9: Kiatu

Kifundo kisichokunja kinahitaji soli inayokunja kwa niaba yake. Soli iwe ngumu na iliyopinda kama mguu wa kiti cha kubembea, ili mwili ubingirike kutoka kisigino hadi vidole. Mafundi wa vifaa tiba wanaifanya vizuri, na Afrika Mashariki tuna bahati ya chuo cha TATCOT pale KCMC Moshi kinachowafunza. Lakini fundi viatu wa mtaani naye anaweza, akielekezwa.

Mama tulimpeleka kwa fundi akiwa na viatu vya ngozi vya kamba, vipana. Mguu ulikuwa umefupika sentimita moja na nusu. Tulimpima kwa kumsimamisha na kuweka vipande vya mbao chini ya mguu mmoja mpaka mifupa ya nyonga ikalingana. Fundi akabandika tabaka za mpira mwepesi wa soli uitwao microcellular chini ya kiatu cha kulia: sentimita moja na nusu kuanzia kisigino hadi nyuma kidogo ya mashina ya vidole, kisha akakata mshazari kwenda juu mbele na kulainisha ukingo wa nyuma. Mara ya kwanza aliweka kilele cha mpindo mbele mno, Mama akawa anajikwaa. Tukamrudishia, akakisogeza nyuma kama upana wa vidole viwili. Safari hiyo alitembea kutoka kibandani hadi barabarani, akageuka, akarudi.

Mteremko bado unamsumbua, hushuka kwa upande. Gari analoendesha mwanawe sasa ni la otomatiki, na yeye mwenyewe ameacha kuendesha kwa kuwa mguu ni wa kulia. Kila mwaka anapiga eksirei, kwa sababu viungo vya jirani, vile vya katikati ya unyayo, sasa vinafanya kazi iliyokuwa ya kifundo na huweza kusagika kadiri miaka inavyokwenda. Picha anazitia kwenye bahasha ileile ya kaki.